Kukata Shina: Mhadhara wa Umma, Dundori



Ninyi mnaolima viazi hapa Dundori mna kipimo kisichohitaji maabara. Mmea ukinyauka ungali kijani, mnakata shina karibu na ardhi na kulining'iniza ndani ya glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kuteremka, huo ni mnyauko bakteria, na mbegu ya shamba hilo haifai kuuziwa jirani. Kwa macho tu, viazi vyake huenda vikaonekana safi kabisa.

Makala ya kitaaluma nayo hukatwa shina. Mhariri wa jarida huipeleka kwa wataalamu wawili au watatu wa fani hiyohiyo, ambao kwa kawaida hawalipwi wala hawatajwi majina. Usiri huo ulikusudiwa kumpa mhakiki uhuru wa kumkosoa hata aliyemfundisha. Lakini tusidanganyane: katika Kenya hii, sisi wa utafiti wa viazi tunajuana. Nikifika ukurasa wa pili nimeshamtambua mwandishi, na yeye huyatambua maoni yangu kwa ukali wake. Ndiyo maana COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, inamtaka mhakiki atangaze mapema maslahi yake, asitumie wazo alilolikuta katika makala, wala asipokee kazi iliyo nje ya ujuzi wake.

Na shina lisipokatwa? Mwaka 1990 Rais Moi alilitangazia taifa Kemron, dawa ya UKIMWI iliyotoka KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Makala zilizochapishwa mwaka huohuo zilieleza nafuu kubwa kwa wagonjwa. Kundi la kulinganishia, yaani wagonjwa wanaopewa dawa bandia ili tofauti ionekane, halikuwapo. Hilo ndilo swali ambalo mhakiki angepaswa kuanza nalo, kabla hata ya kugusa sarufi. Majaribio yaliyofuata, likiwamo la Uganda, hayakuona faida. Kufikia hapo matumaini yalikuwa yameshapandwa katika nyumba nyingi.

Siku hizi shinikizo lina sura nyingine. Mhadhiri hapandi cheo bila machapisho, na yapo majarida yanayopokea ada na kurudisha "maoni ya wahakiki" baada ya siku tatu. Siku tatu! Hata aina ya viazi iitwayo Shangi, kwa haraka yake yote ya kuchipua, haithubutu.

Nami nina deni langu. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa makala yenye takwimu nisizozielewa. Niliona haya kusema. Nikaandika "mbinu zinafaa", nikairudisha. Mhakiki mwenzangu alikuta kosa katika hesabu hizohizo, na mhariri akanitumia nakala ya maoni yake bila kuongeza neno. Tangu siku hiyo, ripoti zangu huanza kwa kutaja kurasa ambazo sikuweza kuzihakiki.