Nani Alipie Cheti cha Mkata Miti?

(Maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali za mitaa)



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa sura yake ni dogo. Je, ni haki kwamba mtu anayeishi kwa kupanda miti na kupogoa matawi atakiwe kutoa fedha zake mwenyewe ili apate cheti cha kazi ambayo pengine ameifanya kwa miaka mingi? Nasema ni dogo kwa sura kwa sababu watu hao si wengi, sauti yao haisikiki maofisini, na wengi wetu huwakumbuka siku ile tu mwembe unapoanza kulalia bati. Lakini ndani ya jambo hili limo swali zima la nani abebe gharama ya ujuzi unaotumiwa na watu wote.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe, maana wapo wanaodhani kwamba kukata tawi ni nguvu na ujasiri tu. Tawi zito likikatwa kutoka juu peke yake huanza kuanguka kabla msumeno haujamaliza, likachana gamba la shina, likayumba na kumrudia mkataji. Fundi ajuaye hukata kwanza kidogo upande wa chini, kisha hukata kwa juu, mbele kidogo kuelekea nchani, tawi likadondoka bila kuchana. Mwisho huondoa kipande kilichosalia karibu na shina, wala haugusi ule uvimbe ulio kwenye shingo ya tawi, kwani hapo ndipo mti unapofungia kidonda chake. Ule ukataji tunaouona kando ya barabara zetu, wa kuunyoa mti kichwa chote ukabaki kama nguzo, si kupogoa. Mti huo huchipua upya matawi mengi yaliyoshikwa juu juu tu, nayo baada ya miaka michache huwa hatari kuliko yale yaliyokatwa.

Sasa ongeza msumeno wa injini, ule ambao mafundi wetu huuita chenso. Ncha ya juu ya upau wake ikigusa mti, msumeno hurushwa nyuma kuelekea usoni mwa anayeushika, kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuizuia. Ongeza na nyaya za umeme. Zile za volti 11,000 na 33,000 zinazopita juu ya mitaa yetu haziui kwa kuguswa tu. Umeme wa nguvu hiyo unaweza kuruka hewani kumfikia mtu au kitu kilichosogea karibu mno. Chini yake wanapita watoto wa shule, mama wauza maandazi na waendesha pikipiki. Mtu anayefanya kazi mahali kama hapo ameshika roho yake na roho za wengine.

Kwa hiyo sisemi kwamba mafunzo ni anasa. Najua wapo watakaonitajia wakwezi wa minazi wa Bagamoyo na Mafia, ambao tangu enzi za mababu wamepanda na kushuka bila karatasi ya mtu yeyote. Ni kweli, na mimi nawaheshimu. Mkwezi hodari hufundishwa na mkwezi mwenziwe tangu ujana. Lakini mnazi hauna matawi ya kuchana, na mkwezi hupanda na panga, si na injini. Kazi imebadilika. Maadamu imebadilika, hapana budi mafunzo yawepo, na uwepo ushahidi kwamba mtu ameyapata. Ubishi wangu unaanza pale mkono unaponyoshwa kudai ada.

Hoja ya wanaotaka fundi alipe mwenyewe si ya kubezwa. Wanasema: dereva hulipia leseni yake, na cheti kitamwongezea fundi riziki, kwa nini basi walipakodi wamlipie? Ningekubaliana nao kama mambo yangekuwa hivyo. Leseni ya dereva hudaiwa na askari kila njia panda, hivyo asiye nayo hathubutu kushindana na aliye nayo. Lakini ni nani katika mitaa yetu amewahi kumwuliza mkata miti cheti kabla ya kumwonyesha mti? Mwenye nyumba huuliza bei. Fundi aliyelipa ada, akanunua kofia ngumu, kamba madhubuti na suruali yenye nyuzi za kuusakama mnyororo wa msumeno usifike mguuni, hana budi kutaja bei ya juu. Mwenziwe aliyekuja na kandambili na kamba ya katani hutaja nusu yake, naye ndiye anayepewa kazi. Katika soko la namna hiyo, kumwambia fundi ajilipie cheti ni kumwambia alipie hasara yake.

Tena ada yenyewe si mzigo wote. Kibarua anayelipwa kwa siku, akienda chuoni wiki mbili, amepoteza riziki ya wiki mbili. Nauli na chakula vinamngoja, na nyumbani sufuria haijui kwamba baba yuko masomoni. Sisi tulio na mshahara wa mwezi hulisahau jambo hili upesi. Mwalimu akiitwa kwenye semina ya kazi anatarajia posho. Angeshangaa sana kuambiwa aje na ada.

Wengine wamekwisha kulipitia swali hili. Huko Uingereza, sheria ya usalama kazini ya mwaka 1974 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi wake gharama za mambo ambayo sheria imeyaamuru kwa ajili ya usalama. Mwaka 1998 zikaja kanuni za vifaa vya kazi, na anayetumia msumeno wa injini juu ya mti akatakiwa kuwa na cheti cha umahiri. Aliye na mwajiri akapata kinga, lakini aliyejiajiri akabaki kujilipia mwenyewe, ilhali katika kazi ya miti waliojiajiri ni wengi. Kwa hiyo hata huko sheria imetatua nusu tu ya jambo.

Hapa kwetu hatuanzii patupu. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ipo tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hutozwa kwa hesabu ya mishahara anayolipa; kiwango chake kilipunguzwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi asilimia 3.5. Upo pia utaratibu wa kumpima na kumtambua fundi aliyejifunza kazi nje ya chuo. Huu wa mwisho naupenda kuliko yote, kwa sababu haumrudishi mtu mzima darasani kujifunza anachokijua. Unamtazama akifanya kazi. Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ilivyoonya kwamba mitihani ya karatasi haiupimi uwezo wote wa mtu. Lakini tozo huzunguka kwenye daftari za mishahara, na mkata miti hayumo katika daftari la mtu yeyote.

Maoni yangu ni kwamba anayekidai cheti ndiye akigharimie. Halmashauri inayoandika katika zabuni yake kwamba haitapokea mkata miti asiye na cheti imefanya vema. Basi na iweke gharama ya cheti hicho katika bei ya kazi, au iwachukue vijana wanaoikatia miti kila mwaka, iwalipe siku zao, na mkufunzi aje kuwafundishia kwenye miti ileile ya barabarani. Kampuni inayosafisha njia za nyaya ifanye vivyo hivyo. Fundi naye achangie sehemu ndogo, akikatwa kidogo kidogo baada ya kuanza kupata kazi. Mtaniambia: je, akiisha kufundishwa akahama? Atahama na ujuzi wake kwenda wilaya nyingine ya nchi hii hii, akakate miti ya huko bila kumwangushia mtu tawi. Sioni hasara.

Anayefundisha kwa ada asiwe yeye yule anayetahini. Chuo ambacho mapato yake hutegemea idadi ya wanafunzi hakitapenda kuwafelisha, na mahali pengi tumekwisha kuona karatasi nzuri mikononi mwa mafundi wabaya. Mtihani ufanyike juu ya mti, kamba ikaguliwe, mikato ikaguliwe, na mtahini awe mtu aliyewahi kupanda.

Kabla hatujaanza, Ndugu Mwenyekiti, walimu wawili waliniuliza juu ya miembe ya shule zao iliyoinamia madarasa. Fedha ya shule ni kidogo na fundi mwenye cheti hayupo karibu. Nilichowajibu ni hiki: wanafunzi wasipandishwe mti huo kwa sababu yoyote, hata kwa adhabu ya dakika kumi, afisa misitu wa wilaya aitwe autazame kwanza, maana pengine ni tawi moja tu linalotakiwa kuondolewa, na kama waya unapita karibu, TANESCO waombwe kwa barua kuzima umeme, na kazi isianze mpaka wathibitishe kwamba umezimwa. Kisha, atakapopatikana fundi, aulizwe kamba yake kabla ya kuulizwa bei.