Mpiga Picha Aliyesimama Kando

Bila shaka wengi wenu mmepata kuona sinema, na mmeiona picha ibandikwayo mlangoni ili watu wajue mchezo utakaoonyeshwa. Labda mlidhani kuwa picha hiyo imekatwa katika filimu yenyewe. Sivyo. Mara nyingi hupigwa na mtu mwingine, mwenye kamera yake ndogo, asimamaye kando wenzake wafanyapo kazi. Leo nitawasimulia habari za mmoja wao, Raymond Cauchetier, Mfaransa.

Alizaliwa Paris mwaka 1920, akalelewa na mama yake, mwalimu wa piano. Upigaji picha hakufundishwa na mtu; alijifunza mwenyewe alipokuwa katika jeshi la anga la Wafaransa huko Indochina, alikopiga picha za vita. Huko huko alionana na Marcel Camus, mwongozaji wa sinema, aliyempa kazi katika filimu iliyotoka mwaka 1957. Baada ya kurudi Paris aliifanya tena kazi hiyo.

Kazi yenyewe siku zile ilikuwa hivi. Filimu haipigwi yote kwa siku moja. Mchezaji akishika kofia leo kwa mkono wa kushoto, na kesho akaendelea na mchezo ule ule, sharti aishike vivyo hivyo. Basi mpiga picha alingoja mpaka mwongozaji aseme, "Basi!" kwa maana mlio wa kamera yake uliweza kuingia katika sauti ya filimu. Hapo aliwaomba wachezaji wasimame kama walivyokuwa, akawapiga picha upesi. Picha hizo zilikuwa ukumbusho, na nyingine zilitumiwa kuitangaza filimu.

Lakini Cauchetier alitazama mbali zaidi. Mwaka 1959 Jean-Luc Godard alikuwa akitengeneza filimu yake *À bout de souffle* katika barabara za Paris. Mpigaji wa sinema alijificha ndani ya kigari cha barua, akasukumwa katikati ya wapita njia, nao wasijue lolote. Cauchetier alimpiga picha yeye, na mwongozaji, na mafundi, ingawa hayo hayakuwa katika kazi aliyoajiriwa. Tena aliwaomba wachezaji Jean Seberg na Jean-Paul Belmondo watembee mara nyingine kwa ajili yake. Yule bibi akambusu mwenziwe shavuni. Busu hilo halimo katika filimu, lakini picha yake imejulikana duniani kote.

Je, alipata faida gani? Mshahara ulikuwa mdogo, na picha zilikuwa mali ya wenye filimu. Mwaka 1968 akaiacha kazi ya sinema, na jina lake likasahauliwa. Picha zilionekana, mpigaji asitajwe. Baada ya miaka mingi, katika miaka ya 2000, sheria ya Ufaransa ilimwezesha kupata haki ya picha zake. Ndipo zilipoonyeshwa na kuchapwa vitabuni kwa jina lake. Alifariki Februari 2021, umri wake miaka 101.

Wazee husema, chanda chema huvikwa pete. Pete ya mzee huyu ilikawia, kwa kuwa watu walitazama picha wasiulize ni nani aliyeipiga. Basi, ndugu zangu, mtakapoona picha nzuri, itafuteni pembeni herufi ndogo za jina la fundi wake. Kwaherini.