Jina la Mama Liandikwe Pia



Sura ya 16 ya Matendo ya Mitume yatukutanisha na mwanamke mfanyabiashara. Ni Lidia wa Tiatira, aliyeuza nguo za zambarau mjini Filipi. Alipokwisha kubatizwa pamoja na watu wa nyumbani mwake, aliwasihi Paulo na wenzake wafikie kwake. Hata Paulo na Sila walipotoka gerezani, walikwenda kwa Lidia, na humo wakawatia moyo ndugu. Lidia aliweza kulikaribisha Kanisa kwa sababu alikuwa na mlango uliokuwa chini ya mamlaka yake.

Je, akina Lidia wa parokia zetu wanao mlango wa namna hiyo? Twawaona alfajiri wakikaanga vitumbua, wakibeba matenga ya ndizi kwenda sokoni, wakishona sare za shule hadi usiku. Ada za watoto hutoka humo. Zaka na michango ya kigango hutoka humo pia. Lakini mama huyo akienda benki kuomba mkopo wa kupanua kazi yake, huulizwa dhamana. Shamba alilimalo lina jina la mume au ni la ukoo. Nyumba aliyoichangia matofali ina jina la mume peke yake. Hivyo hurudi mikono mitupu, akakope mtaani kwa riba ya kumkausha. Bidii anayo, alichokosa ni hati.

Sheria za nchi yetu ya Tanzania hazikunyamaza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamruhusu mke kuwa na mali yake mwenyewe. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza iliamua kwamba mila iliyomnyima mwanamke wa Kihaya haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi ilipingana na Katiba. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zatamka kwamba mwanamke ana haki ya kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Basi kizuizi kikubwa kimebaki wapi? Kimebaki katika nyumba zetu na katika ukimya wetu.

Na tukiri kosa. Tulimzika mwanajumuiya mwenzetu. Tulikesha, tukaimba, tukatoa rambirambi. Arobaini haijatimia, ndugu za marehemu walikuja na gari, wakapakia vyerehani vya mjane, wakisema ni mali ya ndugu yao. Wengine wetu tulicheza na mama huyo upatu ulionunua vyerehani hivyo. Tulijua vilikuwa vya nani. Hata hivyo tuliinamisha macho barazani pake, tukasema hayo ni mambo ya ukoo.

Wapo wanaohofu kwamba mke mwenye mali atapanda kiburi. Hao na wasome sura ya 31 ya Mithali. Mke anayesifiwa pale hununua shamba na kulipanda mizabibu kwa jasho lake, wala mumewe hapungukiwi heshima: anaketi langoni pamoja na wazee wa nchi.

Juma hili, basi, tufanye jambo moja. Sisi wenye ndoa tuitoe hati sandukuni, tuisome pamoja, na kama ina jina moja, tukaulize namna ya kuandika la pili. Sisi makatekista tunapowaandaa wachumba, tuseme nao wazi juu ya mali. Na jumuiya zetu ziwe shahidi wa mjane kabla gari halijafika mlangoni, si baada ya kuondoka.

Ee Mungu, mtetezi wa wajane, utusamehe ukimya wetu, utupe ulimi wa kusema kweli. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.