Video inakataa kufunguka: maana ya maneno ya picha na sauti kwenye kompyuta ya chama

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama, kwenye mkutano wa chama hapa Kibua. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu wanaopokeaka video zetu.

Leo hatutasema juu ya mbegu wala juu ya mbuzi wa mzunguko. Tutasema juu ya maneno ambayo kompyuta ya chama inatuandikiaka kila tunapotaka kuangalia video: kodeki, fomati, rezolusheni, fremu. Wengine wanasema hayo ni mambo ya wasomi wa Goma. Hapana. Ni mambo ya mashamba yetu, na tutaonyesha kwa nini.

Sisi watu wa hapa, kati ya Masisi na Walikale, tunajua kukimbia na tunajua kurudi. Mwaka wa 2009 peke yake kulikuwa operesheni Umoja Wetu mwezi wa kwanza, kisha Kimia II tangu mwezi wa tatu. Kila mara vita inapopita, nyumba zinabaki tupu. Anayerudi anakuta mwingine analima pake, ao anakuta miti ya mpaka imekatwa. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na mtu anapata haki yenye nguvu akiwa na cheti cha kuandikisha. Ni wangapi kati yetu wako na cheti hicho? Mashamba yetu yanafuata desturi, na desturi iko ndani ya vichwa vya wazee.

Njo maana chama kilianza kuwarekodi. Mzee anatembea kwenye mpaka pamoja na majirani, anaonyesha mti, jiwe, kijito, anasema nani alimpa nani na mbele ya nani, na simu inarekodi. Wawili kati ya wazee hao wamekwisha kutuacha. Maneno yao yamebaki ndani ya faili. Faili hiyo ikikataa kufunguka siku ya baraza, hakuna wa kumwita aseme tena. Tuelewane pia: video haiwi cheti cha shamba. Lakini inasaidia kukumbuka, na inamzuia mtu kusema kwamba mzee alisema kingine.

Gunia, unga na kibandiko

Tuanze na muhogo, sababu kila mtu hapa anaujua. Muhogo mubichi ni mzito. Ukitaka kuufikisha mbali unauloweka, unaukausha, unausaga, unatia unga katika gunia. Mwenye kupokea anapika bugali. Video inafanya safari hiyo hiyo. Picha na sauti kama simu inavyozipokea ni muhogo mubichi: nyingi mno, hazibebeki. Simu inazikausha na kuzisaga, kisha inazitia katika gunia.

Namna ya kukausha na kusaga njo inaitwa kodeki. Kodeki iko na kazi mbili: upande mmoja kufunga, upande mwingine kufungua. Kwa picha, kodeki inayotumika sana ni H.264, iliyotoka mwaka wa 2003. Kuna mdogo wake, H.265, wanayoiita pia HEVC, ya mwaka wa 2013. Hiyo inapunguza uzito zaidi, lakini inaomba kompyuta yenye nguvu. Kwa sauti tuko na MP3, AAC, Opus, na AMR ya simu za zamani.

Gunia lenyewe wanaliita kontena. MP4 ni gunia. 3GP ya simu ndogo za zamani ni gunia. AVI na MKV ni magunia. Ndani ya gunia moja kunakaa picha, sauti, na wakati mwingine maandishi ya tafsiri, kila kimoja na kodeki yake. Kwa hiyo mtu akituambia «nimewatumia MP4», ametutajia gunia tu; hatujajua bado ndani kuna unga gani.

Zile herufi za mwisho wa jina la faili, .mp4 ao .avi, ni kibandiko juu ya gunia. Hapa wengi wanapotea. Faili inakataa, basi mtu anabadilisha jina, anafuta .3gp anaandika .mp4, anafikiri ameigeuza. Ukiandika «mchele» juu ya gunia la unga, hautapika wali. Kugeuza faili kunaombaka programu maalumu, na kunachukua muda.

Na jambo kubwa kuliko yote: unga haurudi kuwa muhogo. Kodeki hizi zinatupa sehemu ya picha na sauti ambayo jicho na sikio havitaikosa sana. Kilichotupwa hakirudi. Kila mara video inapogeuzwa ao kupunguzwa tena, kinatupwa kingine juu ya kile cha kwanza. Mara ya tatu ao ya nne, uso wa mzee umekuwa vibokisi, na lile jiwe la mpaka halionekani.

Maneno matatu ya kupima

Rezolusheni ni hesabu ya vitone vya picha, vinavyoitwa pikseli. Video ya 1280 kwa 720 iko na vitone 1280 kwa upana na 720 kwa urefu. Ile ya 1920 kwa 1080 iko na vitone zaidi ya mara mbili. Zile VCD tulizokuwa tunaangalia katika vyumba vya sinema zilikuwa 352 kwa 288 tu. Kuikuza picha ndogo kwenye kioo kikubwa hakuongezi kitone hata kimoja.

Fremu ni picha moja iliyosimama. Video ni picha nyingi zinazofuatana haraka, mara nyingi 25 ao 30 kwa sekunde moja. Zikipungua sana, mtu anaonekana anatembea kwa kurukaruka.

Kiwango cha biti ni uzito wa unga unaopita kila sekunde. Hesabu yake ni rahisi: gawanya kwa 8, upate baiti. Video ya megabiti 2 kwa sekunde inakula megabaiti 15 kwa dakika. Nusu saa ni megabaiti 450. Simu inayorekodi 1080 mara nyingi inatumia megabiti 17 hivi. Nusu saa inafika karibu gigabaiti 3,8. Sauti peke yake ni nyepesi kabisa: MP3 ya kilobiti 64, saa nzima, haifiki megabaiti 29. Kwa hiyo kama ni maneno tu tunatafuta, turekodi sauti. Video tuiweke kwa kazi ya kuonyesha mahali.

Magonjwa tunayoyaona mara nyingi, na dawa yake

Sauti inasikika, picha iko nyeusi. Hapo gunia limefunguka, lakini kompyuta haina kodeki ya picha. Mara nyingi ni H.265 kutoka simu mpya. Dawa ya kwanza ni VLC. Programu hii ni ya bure, imebeba kodeki karibu zote ndani yake, na ukiisha kuiweka haiombi intaneti. Ilianza mwaka wa 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, kule Ufaransa. Ukiwa ndani ya VLC, bonyeza Ctrl pamoja na J: itakuandikia kodeki ya picha, kodeki ya sauti, rezolusheni na fremu. Mukitupigia simu kuomba msaada, mutusomee maneno hayo kwanza.

Picha inakwama, sauti inaendelea. Faili ni nzima, kompyuta njo imechoka. Kufungua H.265 ya vitone vingi kunaishinda mashini ya zamani. Funga programu zingine, nakili faili kutoka flashi uiweke ndani ya kompyuta yenyewe. Ikikwama bado, tengeneza kopi ya 720 kwa H.264 ya kuonyeshea watu. Usifute ile ya kwanza.

Midomo na sauti havitembei pamoja. Katika VLC, bonyeza J ao K, kidogo kidogo, mpaka vikutane. Hii inarekebisha maonyesho tu, faili haiguswi.

Faili haifunguki kabisa, hata kwa VLC. Hapa sikilizeni vizuri. Simu inaporekodi MP4, kawaida inaandika mwishoni ile orodha inayosema kila fremu iko wapi. Moto ukiisha kabla ya kubonyeza kusimamisha, orodha haiandikwi. Picha ziko ndani, lakini hakuna anayejua zinaanzia wapi. Vilevile ukichomoa flashi kabla kunakili hakujaisha. Wakati mwingine fundi anaweza kuiokoa, wakati mwingine hapana. Basi: tusianze kurekodi na simu yenye moto kidogo, turekodi vipande vya dakika kumi kumi, ili tukipoteza, tupoteze kimoja, na kila kipande tukifungue tukiwa pale pale shambani, kabla mzee hajarudi kwake.

Kompyuta inasema faili ni kubwa mno, na flashi bado iko na nafasi. Flashi nyingi zimepangwa kwa namna inayoitwa FAT32, ambayo haipokei faili moja ya gigabaiti 4 kwenda juu, hata kama flashi ni ya 32. Tena vile vipande vya dakika kumi vinatuokoa.

Kutuma bila kuharibu

WhatsApp ni barabara yetu, hatuikatai. Lakini ukituma video kama video, inasagwa tena: inapunguzwa vitone, inapunguzwa biti, na tarehe iliyoandikwa ndani ya faili inaweza kupotea. Ukiituma kama dokima, kwa kile kialama cha kipande cha karatasi, inapita kama ilivyo, mpaka gigabaiti 2. Inakula mega nyingi za intaneti, ni kweli. Kwa habari ya kawaida, tuma kama video. Kwa mpaka wa shamba, ngojea mtu anayeshuka Goma, umpe kadi ya memori.

Kuna sababu ya kulinda tarehe na mahali. Mwezi wa tisa 2018, huko Bukavu, korti ya kijeshi iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kwa makosa dhidi ya ubinadamu waliyofanya katika vijiji vya Kamananga na Lumenje, teritware ya Kalehe. Kati ya ushahidi kulikuwa picha zilizopigwa kwa programu ya simu inayoitwa eyeWitness, inayohifadhi saa na mahali, na inayoonyesha kwamba picha haikuguswa baadaye. Na kule La Haye, katika kesi ya Thomas Lubanga iliyohukumiwa tarehe 14 Machi 2012, mahakimu waliangalia video za watoto katika kambi ya Rwampara, huko Ituri. Mambo yetu ni madogo kuliko hayo, ni mipaka na vijito. Lakini swali la baraza ni lile lile la korti: hii imerekodiwa lini, wapi, na nani ameigusa tangu siku hiyo?

Tunachoomba

Kwa wanachama tunaomba mambo manne. Kabla ya kurekodi, tazama kama tarehe ya simu ni ya kweli. Katika mipangilio ya kamera, chagua H.264 kama simu inakuruhusu. Mwanzoni mwa video, sema kwa sauti siku, kijiji, na majina ya waliopo, kama wote wamekubali kurekodiwa. Kisha leta faili ya kwanza kabisa, ile iliyotoka kwenye simu, usiikate wala usiipambe na muziki.

Kwa wafadhili: video munazopokea ni kopi nyepesi za kuonyeshea, ndiyo sababu zinaonekana hafifu. Zile za kwanza tunazitunza hapa. Lakini «hapa» ni neno gumu kwa watu kama sisi. Kompyuta moja, katika nyumba moja, ni kitu cha kuibwa siku moja tu ya mbio. Tunaomba diski mbili za nje: moja ikae Kibua, nyingine ikae mbali na Kibua, kwa mtu ambaye mkutano utamchagua. Kila mwezi zitalinganishwa, na faili zitafunguliwa kweli, maana kuona jina lake kwenye orodha si kusema iko nzima.

Na wasiojua kusoma wasiogope. Kazi ya kushika simu na kuuliza mzee maswali haiombi cheti. Kila siku ya pili ya juma, kompyuta ikiwa imepata moto wa jua, tuko kwenye ofisi ya chama. Leteni faili zenu zinazokataa. Tuanze na zile za wazee walio wagonjwa.