Nafaka ya Mtoto Haingoji Ugomvi Uishe

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini, Kizota, Dodoma)



Tunamhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Baada ya hayo, tunaomba tuwaambie jambo linaloumiza nyumba nyingi, nalo ni matunzo ya watoto ambao wazazi wao wameachana.

Hapa Kizota yapo maghala ya akiba ya chakula ya Taifa. Sote twajua kwa nini yapo. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, na mwaka mwingine hukatika mtama ungali mchanga. Basi tulitazame neno lenyewe. Nafaka, tunalolitumia kwa mtama, uwele na mahindi, limetokana na neno la Kiarabu nafaqa, yaani matumizi ambayo mtu huyatoa kwa ajili ya wale walio juu yake. Kila tutajapo nafaka, twataja wajibu.

Tumepata kuketi katika kikao cha kusuluhisha wawili walioachana. Baba alisema: "Sitoi kitu mpaka nimwone mwanangu." Mama akajibu: "Hatamwona mpaka atoe." Kila mmoja alijiona ana haki. Mtoto wao, mwanafunzi wa darasa la nne, alikuwa ameketi nje ya mlango akisikia yote. Wiki ile hakuwa amepeleka mahindi ya chakula cha shule, na hakuna kati yao aliyekuwa akijua.

Ndugu zetu, kosa la wawili wale ni moja. Baba alidhani nafaka ni malipo anayompa mtalaka wake. Mama alidhani kumwona mtoto ni zawadi anayompa mtalaka wake. Vyote viwili ni mali ya mtoto. Talaka huvunja ndoa, haivunji uzazi, wala deni la mtoto halilipwi kwa kumkomoa mama yake.

Kurani Tukufu katika Sura Al-Baqara imemwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye, kwa kadiri ya desturi njema, na papo hapo imekataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake, wala baba kwa sababu ya mtoto wake. Katazo hilo limewashika wote wawili. Na katika Sura At-Talaq tunafundishwa kuwa aliyekunjuliwa riziki atatoa kwa kadiri hiyo, na aliyebanwa atatoa katika hicho hicho kidogo. Aliyebanwa hakusamehewa kutoa, amepunguziwa kiasi tu. Hindi binti Utba alipomlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba mumewe Abu Sufyan hampi ya kumtosha yeye na watoto, aliruhusiwa kuchukua katika mali yake kiasi cha kutosha kwa desturi njema, bila kuzidisha.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi Afrika Mashariki, nao humpa mtoto nafasi ya kuchagua anapofikia umri wa kupambanua mambo, ambao kwa kawaida ni kama miaka 7. Zamani, chini ya sheria ya enzi za Mwingereza, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliwekewa kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta. Sasa mahakama hutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali anapoishi mtoto. Sheria hiyo hiyo inampa mtoto wa wazazi walioachana haki ya kutunzwa na kusomeshwa kwa kiwango alichokizoea, na haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye, mradi masomo yake yasivurugike.

Basi tufanye nini? Kwanza, wazazi waandikiane. Mwenyezi Mungu ametuamuru kuandika deni la mali. Deni la mtoto lina uzito zaidi. Iandikwe: kiasi gani, tarehe gani, nani atanunua sare na madaftari, likizo ipi mtoto atakaa kwa nani. Mkulima asiyepata mshahara aandike magunia wakati wa mavuno. Fedha zipitie kwenye simu, ili kumbukumbu ibaki na maneno yapungue. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatembea kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Umbali usiwe kisingizio kwa mwenye nauli.

Pili, mzazi asimtukane mwenziwe mbele ya mtoto, wala asimfanye mtoto kuwa tarishi wa kubeba matusi.

Tatu, wakishindwa, waende kwa wazee, kisha kwa afisa ustawi wa jamii, na ikibidi mahakamani. Mama anayedai haki ya mwanawe hajavunja heshima ya mtu. Aliyeivunja ni yule aliyemfanya adai.

Tunawaomba akina baba mnaotusikiliza: kama yupo kati yetu aliyekula shibe jana bila kujua mwanawe amelala na nini, asingoje kuitwa na mtu. Na akina mama: kama yupo aliyemfungia mtoto mlango usiku wa Idi asimwone baba yake, afungue. Mmoja akianza, asingoje mwenziwe ndipo atimize wajibu wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wazazi ambao watoto wetu hawatatushitaki Siku ya Kiyama. Amin.