Siku 281 za Msambweni



Tumeombwa tuseme juu ya uchaguzi mdogo wa Msambweni uliofanywa tarehe 15 Desemba 2020. Wengi wenu mnaukumbuka kwa jina la mshindi. Sisi tutaanza na marehemu.

Mheshimiwa Suleiman Dori, mbunge kwa tiketi ya ODM tangu 2013, alifariki tarehe 9 Machi 2020. Kifungu cha 101 cha Katiba chamtaka Spika aiarifu tume ya uchaguzi katika muda wa siku 21, na uchaguzi ufanywe ndani ya siku 90 tangu kiti kuwa wazi. Lakini juma lile lile korona iliingia nchini, na tume ikaahirisha chaguzi ndogo. Watu wa Ukunda, Diani, Kinondo na Ramisi wakakaa siku 281 bila mbunge, na hizo ndizo siku ambazo hoteli za pwani zilifungwa na wafanyakazi wakarudishwa majumbani. Wakati wa haja kubwa kuliko zote, kiti kilikuwa kitupu.

Uchaguzi ulipowadia, ODM ilimsimamisha Bwana Omar Boga. Jubilee, chama kilichokuwa kikitawala, hakikusimamisha mtu. Tangu maridhiano ya Machi 2018 vyama hivyo viwili vilikuwa vimeshikana mikono, na wakubwa waliona kwamba mpiga kura wa Msambweni hana haja ya kuchagua baina yao. Ndipo akajitokeza Bwana Feisal Bader, aliyekuwa msaidizi wa marehemu, akiwa mgombea asiye na chama. Alipata kura 15,251; Bwana Boga 10,444.

Tusidanganyane. Mgombea huyo hakusimama peke yake. Alikuwa na William Ruto nyuma yake, ambaye wakati huo alikuwa Naibu wa Rais. Mwaka 2022 alirudi Bungeni kwa tiketi ya UDA. Hata hivyo kuna jambo hapa ambalo sisi tuliolelewa katika harakati za vyama vingi hatuna budi kulikiri. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tulifungua mlango kwa vyama, si kwa raia. Asiyeteuliwa na chama hakuruhusiwa kugombea ubunge hata kidogo, mpaka Katiba ya 2010 ilipompa haki hiyo. Vyama vilipopatana kule juu mwaka 2020, ni haki hiyo iliyowabakishia watu wa Msambweni ushindani wa kweli.

Sasa tazameni hesabu. Wagombea hao wawili waligawana kura 25,695, na walioandikishwa walikaribia 69,000. Zaidi ya nusu hawakufika kituoni. Na hao ni wale waliomo daftarini. Wako wengine, na baadhi yao wameketi katika mabenchi haya, ambao hawamo kabisa.

Mzee mmoja wa kanisa, fundi wa mabomba aliyefanya kazi Diani kwa miaka mingi, tulimwuliza siku ile kama amekwisha kupiga kura. Akatujibu kwamba kura yake iko Kitui. Watoto wake wamezaliwa Ukunda, wamesoma Ukunda, na mmoja amezikwa huku. Tukamwuliza sababu. Akasema neno moja tu: Likoni.

Wenye umri mwamjua maana yake. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa, na ghasia zikaenea mpaka Ukunda na Diani. Watu wa bara walikimbia kwa maelfu, wengine wakapata hifadhi katika Kanisa Katoliki la Likoni. Na Wadigo wasio na hatia walipigwa katika msako uliofuata; hilo nalo tuliseme humu kanisani bila kuona haya. Tarehe 29 Desemba mwaka ule ule nchi ikapiga kura, na wengi waliokimbia hawakuwapo kuzipiga zao. Mzee wetu alirudi kazini baadaye. Kura yake haikurudi.

Hatumlaumu. Lakini kuna sharti moja la sheria ambalo wengi hawalijui. Kiti kikitangazwa kuwa wazi, uandikishaji katika eneo hilo husimama mpaka uchaguzi mdogo upite. Asiyekuwamo daftarini kabla ya tangazo alikuwa mtazamaji tu, hata kama alilipa kodi ya nyumba Ukunda kwa miaka 20. Kuhamisha kura kutoka eneo jingine nako huombwa siku 90 au zaidi kabla ya uchaguzi. Wakati wa kulifanya ni huu wa utulivu, ambapo hakuna anayeomba kura.

Tutabaki hapa ukumbini baada ya sala ya kufunga. Aliye na kitambulisho chake na akitelee karibu, tumweleze namna ombi linavyoandikwa. Na mzee wetu wa mabomba, tumekuwekea kiti cha kwanza.