Safari ya Kipande cha Filamu
(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)

Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya kuunganisha picha za filamu. Wengi hudhani kompyuta hufanya yote.

Chukueni filamu ya Life of Pi, iliyotoka mwaka 2012. Kijana yuko mashuani na simbamarara. Mashua ilielea katika bwawa lililojengwa Taiwan, na mara nyingi mnyama hakuwapo kabisa. Kipande cha namna hiyo huanzia penye kamera: mafundi hupima mahali, huandika lenzi iliyotumika, na hupiga picha ya tufe la kijivu na jingine linalong'aa kama kioo, ili ijulikane mwanga ulitoka wapi. Mhariri akiisha kuchagua, kipande hupewa namba. Sekunde 1 ni fremu 24. Mmoja hufuatisha mwendo wa kamera, mwingine huunda mnyama, mifupa kwa misuli, mwingine humtembeza, mwingine humpa manyoya, mwingine mwanga. Mwisho huja kwetu sisi tunaomweka mashuani asionekane kabandikwa.

Hapo ndipo taabu huanza. Kazi hutazamwa kila siku katika chumba chenye giza. Mwongozaji akisema mkia haupendezi, kipande humrudia mtembezaji, na wote walio nyuma yake hufanya upya. Si ajabu toleo la 1 kufikia la 30. (Katika televisheni, tarehe ya kurusha ndiyo hukata shauri.) Lakini bei kwa kawaida imekwisha kubaliwa tangu mwanzo, kwa jumla, marudio hula mfuko wa mtengenezaji.

Rhythm & Hues ya California, iliyomtengeneza simbamarara yule, iliomba kinga ya mufilisi Februari 2013. Tarehe 24 ya mwezi huo filamu ikapata Oscar 4, moja kwa kazi hiyo hiyo. Bill Westenhofer, mmoja wa walioipokea, alipoanza kuitaja hali ya kampuni, muziki ulipigwa akakatizwa. Nje, mamia ya mafundi walikuwa wakiandamana.

Vijana mlionifuata asubuhi mkitaka kuingia kazi hii, siwakatazi. Mimi bado naipenda. Ila mkipewa mkataba, tafuteni kwanza panapotaja marekebisho: ni mangapi, na ya ziada hulipwa na nani. Baada ya chakula nitakuwa bwaloni na kompyuta yangu. Nitawaonyesha kipande cha sekunde 3, tangu toleo lake la kwanza.